Simu ya Mzee Nashoni

Ukitoka Bomani ukashuka Nyamisangura, kabla hujaifikia mashine ya kusaga, palikuwa na benchi refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha fundi cherehani. Mwaka ule wa 2006 nusu ya wanaume wa Tarime walikuwa wameteremkia Nyamongo kuchimba dahabu, na nusu iliyobaki ilikaa kwenye benchi hilo ikieleza jinsi dahabu inavyochimbwa. Kahawa aliuza Arafa, ambaye babu yake alikuja kutoka Pangani kufanya biashara akasahau kurudi. Mseti walimwita Duara, kwa kuwa aliwahi kuchimba miezi minane, na tangu hapo hakuwa na hadithi isiyopita kwenye duara lake, yaani shimo lake la dahabu. Jumaa, fundi redio, aliitwa Injinia, na jina hilo alijipa mwenyewe. Mzee Mniko, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, alikuwa Hakimu. Mwenye kibanda, Kisyeri, hakuwa na jina la utani. Alikaa ndani dirishani akishona, mguu ukikanyaga cherehani, sikio likiwa nje.

Pembeni ya cherehani yake kulikuwa na simu nyeusi ya mezani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Nashoni, aliyeivutia waya enzi alipokuwa karani wa ushirika wa kahawa. Mzee alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa. Mtaa mzima ulishahamia simu za mkononi, na Kisyeri mwenyewe alikuwa nayo moja mfukoni, lakini ile nyeusi hakuikata. Watu walidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu. Arafa peke yake ndiye aliyejua sababu yenyewe. Namba ile ndiyo pekee ambayo Simioni, kaka yake Kisyeri, aliijua kwa kichwa.

Simioni aliondoka mwaka 1994. Alichukua ng'ombe wawili wa plau wa baba yake, akawauza mnadani, akanunua hisa kwenye duara la Nyamongo. Duara likajaa maji. Akaona aibu kurudi nyumbani, akaenda Geita. Kutoka Geita alipiga simu mara moja. Mzee Nashoni aliinua, akasikia ni nani, akarudisha mkono wa simu mahali pake bila neno. Baadaye zikaja habari kwamba Simioni amevuka mipaka kuelekea Afrika Kusini, kwenye migodi ya kule. Baada ya hapo, kimya cha miaka kumi.

Sasa, Jumapili moja ya mwezi wa pili, saa tisa alasiri, ile simu ililia.

Benchi zima liligeuka. Ilikuwa haijalia tangu mwaka uliopita, na hata siku ile alikuwa mtu aliyekosea namba. Kisyeri aliacha kola ya shati sindanoni, akainua.

— Halo?

— Halo? — ikasema sauti ya mbali, nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka. — Halo? Tata?

Kisyeri aliubana mkono wa simu sikioni. Tata. Kwa Kikurya, baba.

— Simioni! Ni Kisyeri! Simioni!

— Halo? — ikarudia ile sauti. — Halo... halo...

Halafu ikakatika.

Jumapili iliyofuata, saa ile ile, ikalia tena. Mara hii Kisyeri hakuwa ameshona hata mshono mmoja tangu asubuhi. Aliinua kabla mlio wa kwanza haujakamilika, akapiga kelele hadi wapita njia wakasimama, lakini Simioni alizungumza kama mtu anayezungumza na ukuta.

— Tata, ni mimi Simioni. Niko mzima... Tata?

— Tata hayupo, ni mimi! Unanisikia? Simioni, unanisikia?

Simioni hakusikia. Alikaa kimya muda mrefu, pumzi yake ikisikika vizuri kabisa, kama yuko chumba cha pili. Kisha akaaga kwa Kikurya, kwa heshima, kama mtoto anavyomuaga mzazi, akakata.

Kisyeri alitoka nje, akakaa kwenye benchi katikati ya wenzake, jambo ambalo hakuwa akilifanya saa za kazi.

— Mimi namsikia, — alisema. — Yeye hanisikii.

— Nilijua, — alisema Injinia Jumaa. — Tangu wafunge ile mashine mpya pale Bomani nilisema hapa hapa kwamba mambo yataharibika.

— Mashine gani? — aliuliza Hakimu Mniko.

— Mzee wangu, zamani simu ilikuwa waya. Waya kutoka hapa mpaka Musoma, Musoma mpaka Mwanza, mpaka huko kwa wazungu. Sasa wameleta kitu kinaitwa geti. Simu za nje zinakuja kwa njia ya intaneti, zikifika hapo getini zinageuzwa ziingie kwenye nyaya zetu za zamani. Sasa intaneti haibebi sauti nzima. Inaikata vipande vipande kama nyama buchani. Vipande vya Kisyeri vinapotea njiani.

— Na vya Simioni mbona havipotei?

— Simioni yuko Afrika Kusini. Kule wanakata vizuri.

Duara alitikisa kichwa, akaweka kikombe chini.

— Injinia, wewe unajua redio, ardhi huijui. Mimi nimeingia duarani mita arobaini. Kule chini ukipiga kelele, mwenzako aliye juu hakusikii, lakini yeye akiongea wewe unamsikia. Kwa nini? Dahabu inavuta sauti. Sasa nyaya hizi zimepita juu ya mwamba wenye dahabu. Sauti ya Kisyeri ikitoka inanyonywa yote.

— Ya Simioni nayo inapita juu ya mwamba huo huo, mura, kijana wewe! — alisema Injinia.

— Ya Simioni inashuka. Ya Kisyeri inapanda. Kitu kinachopanda ndicho kinachovutwa. Ulisoma shule ipi wewe?

Hakimu Mniko alikohoa, kama alivyokohoa mahakamani kabla ya kusoma shauri.

— Mnaacha jambo kubwa. Lazima kuna mtu anasikiliza. Simu ya kutoka nje haiingii nchini hivi hivi. Inashikwa kwanza, inaandikwa, inapigwa muhuri. Ya Simioni imeshapigwa muhuri. Ya Kisyeri bado iko mezani kwa mtu.

— Na huyo mtu Jumapili anafanya kazi? — aliuliza Arafa akimmiminia kahawa.

Hakimu alipuliza kahawa yake.

— Mimi nasema ni lugha, — Duara akaanza tena, sauti imepanda. — Kisyeri alipiga kelele kwa Kikurya. Mashine imetengenezwa Ulaya, Kikurya itakijulia wapi? Imeona hivi si maneno, ikatupa. Angesema kwa Kiingereza yangepita.

— Simioni naye kaongea Kikurya!

— Huyo kazoeleka kule!

Wakacheka. Hata Kisyeri alitabasamu, kidogo, lakini moyoni kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimkata ambacho hao wenzake hawakukifikiria. Simioni hakuwa akijua kwamba baba amefariki. Alikuwa akipiga simu kwa mzee yule yule aliyemkatia simu alipopiga kutoka Geita. Akisema "tata, ni mimi" na asipate jibu, atajua nini, kama si kwamba mzee bado ana hasira na amegoma kumsemesha? Mtu anaweza kupiga mara ngapi kwa baba asiyejibu? Mara tatu? Halafu anaacha, na safari hii anaacha kabisa.

— Hatapiga tena, — alisema Kisyeri.

Arafa alimwekea kikombe mkononi.

— Kesho nenda Bomani, ndugu yangu, — alisema. — Hawa watakueleza dahabu na mihuri mpaka jioni. Nenda kwa wenye mashine.

Akaenda. Ofisini kwa kampuni ya simu walimwandikia karatasi, wakamwambia fundi yuko Mwanza, atakuja. Alisubiri wiki nzima. Jumapili ya tatu simu ililia tena, na mara hii Kisyeri hakupiga kelele. Aliinua, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akasikiliza.

Simioni alizungumza taratibu. Alisema habari za ng'ombe wale wawili, akawataja kwa majina yao, yule mwekundu na yule mwenye pembe moja iliyopinda. Alisema siku ya tano tangu ahame kuishi kwenye kambi ya wachimbaji, maji yalitoka chini ya duara usiku kucha, na asubuhi palikuwa bwawa. Alisema alifika mpaka njia panda ya kwenda nyumbani akasimama pale tangu adhuhuri mpaka jua linazama, kisha akarudi alikotoka. Alisema angerudi kama angekuwa na chochote mkononi, hata jembe.

Kisyeri aliziba mdomo kwa kiganja, ingawa alijua kwamba hata angelia kwa sauti, kule asingesikika. Dirishani aliona migongo ya wenzake kwenye benchi, imeinama. Wote walijua yuko na nani.

Siku ya Jumanne alikuja fundi. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, begi la vifaa begani, aitwaye Faridu. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaipima simu, akapima waya wa nguzoni, akaenda Bomani na kurudi, akakaa kwenye benchi akakubali kahawa.

— Waya wenu ni mzima, — alisema. — Tatizo liko getini kwetu.

— Niliwaambia! — alisema Injinia. — Vipande!

— Siyo vipande, mzee wangu. Hivi: simu ina mambo mawili. Kuna alama na kuna sauti. Alama ni zile habari za kwamba kengele ilie, mtu ameinua, mtu amekata. Hizo zina njia yake, na geti linazitafsiri vizuri kutoka intaneti kuja kwenye mtambo wa zamani. Ndiyo maana kengele inalia hapa, na huko anaona kabisa kwamba umeinua. Sasa sauti nayo ina njia mbili, ya kuja na ya kwenda. Ya kuja iko wazi. Ya kwenda, mtu aliyefunga mashine alikosea kuielekeza. Inafika getini inakuta ukuta.

— Kwa hiyo huko anajua mtu ameinua, — alisema Kisyeri polepole.

— Anajua. Anasikia mlio umekoma, na simu haijakatika. Anachokosa ni sauti tu.

— Unaweza kuijenga hiyo njia?

— Leo hii. Ila kwanza nipime kule inakotoka, nihakikishe siyo wao. — Alitoa daftari lake. — Namba imekuja na simu zote tatu, mtambo unaiandika. Ni duka la simu, Johannesburg. Nitapiga kwa simu yangu ya mkononi, hii haipiti getini.

Akabonyeza namba, akaweka sauti kubwa, akailaza simu juu ya benchi kati ya vikombe. Wote wakainama. Ikaita mara nne. Akapokea mwanamke kwa Kiingereza, Faridu akamjibu, na walipotambuana kwa lafudhi yule mama akahamia Kiswahili, Kiswahili cha Kongo, chenye kuvuta maneno.

— Ni mafundi wa simu, mama, kutoka Tanzania. Kuna mteja wako anapiga huku Jumapili. Tunataka kujua kama anasikia.

— Aaa, Simioni! Mutu wa dahabu! — Yule mama akacheka kwa furaha. — Huyu nilimwambia, baba, sauti haiko, nikurudishie pesa yako. Alikataa. Alisema hapana mama, acha hivyo hivyo. Baba yangu ananisikiliza.

Kisyeri aliinua uso.

— Alisema hivyo? — aliuliza Faridu.

— Anasema zamani baba yake alimukatia simu. Sasa hamukatii. Anainua, ananyamaza tu, anasikiliza mpaka mwisho. Simioni anasema mzee ameanza kulainika. Anatoka hapa macho mekundu, lakini anacheka, anasalimia kila mutu. Wiki yote iko na furaha. — Yule mama akasita. — Mutatengeneza? Atafurahi sana. Atamusikia baba yake.

Faridu alitazama nyuso zile moja baada ya nyingine bila kuelewa, akamshukuru yule mama, akakata.

— Kuna nini? — aliuliza.

Hakimu Mniko ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya chini.

— Mzee Nashoni tulimzika mwaka wa tatu huu. Anayeinua ni huyu hapa, mdogo wake Simioni.

Faridu alizungusha kikombe chake. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. Alimgeukia Kisyeri.

— Sasa niifungue hiyo njia, kaka, au niache kwanza?

Duara alitazama barabarani. Hakimu, aliyekuwa amesikiliza mashauri miaka thelathini, alikuna goti. Arafa alishika birika bila kummiminia mtu.

Kisyeri alimfikiria kaka yake akitoka kwenye lile duka, macho mekundu, akisalimia watu. Miaka kumi na miwili hakuwa na baba, na sasa ana Jumapili tatu. Njia ikibaki hivyo atakuwa na Jumapili ya nne, na ya tano. Kisyeri angekaa sakafuni, aisikie sauti ya Simioni kila wiki mpaka azeeke, na Simioni angekuwa na mzee wake. Kwa muda, Mungu amsamehe, aliona kwamba hilo lingetosha.

Lakini alimtaka kaka yake. Siyo sauti yake. Alimtaka aje akae hapa, amwone vile alivyoota mvi.

— Ifungue, — alisema.

Jumapili ile benchi lilijaa kuliko siku zote, na hakuna aliyebishana. Saa tisa ilipita. Saa tisa na nusu. Kisyeri alikuwa ameivuta simu mpaka dirishani. Ilipolia aliacha ilie mara mbili, apate pumzi.

— Tata, ni mimi, — alisema Simioni. — Leo nimechelewa, ibada ilikuwa ndefu.

Kisyeri alikuwa amejiandalia maneno wiki nzima, na yote yakamtoka.

— Simioni, — alisema.

Kule kiti kilikwaruza sakafu.

— Simioni, ni Kisyeri. Ni mdogo wako.

— Kisyeri? — Sauti ilikuwa ya mtu anayepapasa gizani. — Sauti imetoka! Kisyeri, wewe mura, umekuwa na sauti ya mzee! Mpe tata simu. Alikuwa ananisikiliza siku zote hizi, mpe.

Kisyeri aliegemeza kichwa kwenye nondo za dirisha. Hakimu aliyekuwa karibu alinyoosha mkono, akaushika mkono wake kupitia katikati ya nondo, akaushikilia.

— Tata alifariki, kaka. Mwaka 2003, mwezi wa saba. Hakuteseka sana.

Alisubiri. Alifikiri simu itakatika, akaomba isikatike. Akasikia kwa mbali sauti ya yule mama wa duka ikiuliza jambo kwa Kiingereza, na Simioni hakumjibu.

— Sasa nilikuwa naongea na nani? — Simioni aliuliza hatimaye.

— Na mimi. Nilikupigia kelele hukunisikia. Baadaye nikawa nasikiliza tu.

— Yote uliyasikia?

— Yote.

— Na habari ya njia panda?

— Na hiyo.

Simioni alilia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, kwa kukohoa, na Kisyeri hakumkataza wala kumpa pole, alikaa naye. Hakuwahi kusikia kaka yake akilia, hata siku walipotahiriwa pamoja. Nje, watu wa benchi waliinamisha vichwa.

— Aliniulizia? — Simioni aliuliza alipopata sauti. — Kabla hajafa. Aliniulizia?

Kisyeri alimtazama Hakimu, kwa sababu ndiye aliyekesha na mzee wiki ile ya mwisho. Hakimu alitazama chini. Mzee Nashoni hakuwa mtu wa kutaja kilichomuuma, na jina la Simioni lilikuwa halijatamkwa mbele yake kwa miaka.

— Njoo nyumbani, — alisema Kisyeri. — Nitakueleza kila kitu, alivyoumwa, alivyokuwa, tulipomlaza. Siwezi kukueleza kwa simu. Njoo.

— Sina kitu mkononi, Kisyeri.

— Nani amekuomba kitu?

Waliongea mpaka muda wa Simioni dukani ukaisha. Kisyeri aliirudisha simu mahali pake, akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha suruali ya mteja, akatoka nje. Walimpisha, akakaa. Arafa akampa kahawa, haikuwa na moto tena, akainywa hivyo hivyo.

— Amesemaje? — aliuliza Duara, akishindwa kuvumilia.

— Ameuliza siku hizi mabasi ya Mwanza yanashushia watu wapi.

— Stendi mpya! — alisema Injinia.

— Stendi mpya ipi? Yanashusha njia kuu, — alisema Duara.

— Yale ya asubuhi yanaingia stendi, — alisema Hakimu, — ya jioni ndiyo yanashusha njia kuu, na nina ushahidi.

Wakashikana hapo, wakainuka, wakaonyeshana kwa vidole upande wa barabara. Kisyeri alikaa katikati yao, akimsikiliza kila mmoja kwa makini, kama mtu ambaye Jumapili ijayo atatakiwa kutoa jibu sahihi.